Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti ya Kati: Anza na Skrini, Maliza na Umeme



Leo nazungumza na kijana aliyeweka akiba na sasa anataka kuunganisha kompyuta ya gemu, kifaa kimoja kimoja, kwa chaguo lake mwenyewe. Nazungumza pia na mzazi, kaka au dada aliyeombwa kuchangia na hajui fedha yake inakwenda wapi. Bajeti ninayoifikiria ni ya kati: kama shilingi laki moja za Kenya, au kama milioni mbili za Tanzania, kwa kompyuta yenyewe, skrini ikihesabiwa kando. Kwa familia nyingi hicho ni kiasi kikubwa. Kimekusanywa kidogo kidogo, na kikipotea hakuna kingine cha kuziba pengo. Tena mashine hiyo haitaishia kwenye gemu. Ndiyo itakayohariri video za harusi, ndiyo atakayojifunzia kuandika programu, ndiyo itakayochora ramani za nyumba. Inastahili kuchaguliwa kwa utulivu.

Neno langu la leo ni moja. Ukiwa na bajeti ya kati usianze na jina la praseso, wala na taa za rangi, wala na kesi ya kioo. Anza na skrini utakayoitazama, na umalizie na umeme unaotoka ukutani kwako. Vifaa vingine vyote viko katikati ya hivyo viwili, na hapo ndipo vinapopimwa.

Kwa nini skrini? Kwa sababu skrini ndiyo inayoamua ukubwa wa kazi. Skrini ya 1080p ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Zidisha, unapata nukta zaidi ya milioni 2. Ya 1440p ina kama milioni 3.7, na ya 4K ina zaidi ya milioni 8. Nukta hizo zote zinachorwa upya, tena na tena, kila sekunde. Skrini ya hezi 60 inaweza kuonyesha picha 60 kwa sekunde, ya hezi 144 inaonyesha 144. Kwa hiyo mtu akiona skrini ya 4K imeshushwa bei akaichukua, ameitwika kompyuta yake kazi mara nne ya ile ya 1080p, na hajaiongezea nguvu hata chembe.

Kwa bajeti yetu, 1080p ndiyo saizi yake. Kama mapenzi yako ni Counter-Strike 2 au Valorant, tafuta ya hezi 144, maana gemu hizo ni nyepesi kuchora na ushindi wake ni wa kasi ya jicho na mkono. Kama wewe ni mtu wa mpira, mtu wa EA Sports FC, au unapenda kuzurura mjini katika GTA V, hata hezi 60 au 75 zitakutosha vizuri. Andika uamuzi huo kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu ukishaingia kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue utaitwa na kila duka, na kila muuzaji ana mzigo wake anaotaka uondoke leo.

Sasa tuje kwenye kadi ya grafiki. Hiki ndicho kifaa kinachochora, na kwenye kompyuta ya gemu ndicho kinachostahili fungu kubwa. Mimi nashauri theluthi moja mpaka asilimia 40 ya fedha yote. Zipo kadi kadhaa zinazoifaa 1080p. Radeon RX 6600 ya mwaka 2021 ina kumbukumbu ya gigabaiti 8 na inakula wati 132. GeForce RTX 3060, nayo ya 2021, ina gigabaiti 12 na inakula wati 170. RTX 4060 ya 2023 ina gigabaiti 8 lakini inaridhika na wati 115 tu, jambo ambalo utaliona lina maana tukifika kwenye umeme. Intel nao walileta Arc B580 mwishoni mwa 2024, gigabaiti 12 kwa wati 190. Ni kadi nzuri, ila inataka praseso ya kisasa kidogo. Ukiifunga kwenye mashine ya zamani inapoteza nguvu nyingi.

Kumbukumbu ya kadi isikupite hivi hivi. Gigabaiti 8 zinatosha leo kwa 1080p, mradi ukubali kupunguza ubora wa picha kidogo kwenye gemu mpya nzito. Zikijaa, gemu inaanza kukwama: unakimbia, picha inaganda, inaruka, na adui ameshakupiga. Gigabaiti 12 zinakupa nafasi zaidi. Lakini soma boksi mpaka mwisho. Ipo RTX 3060 nyingine yenye gigabaiti 8, iliyotoka baadaye, na ni dhaifu kuliko dada yake wa gigabaiti 12. Jina kubwa kwenye boksi ni lile lile. Tofauti iko kwenye maandishi madogo.

Hapo ndipo mtego wa soko letu ulipo. Kadi nyingi tunazouziwa zimetumika, na sioni aibu katika hilo, kwa sababu kadi iliyotunzwa inaweza kukutumikia miaka. Miaka iliyopita kadi nyingi zilifungwa kwenye mitambo ya kuchimba sarafu za kidijitali, zikawa zinawaka usiku na mchana. Mwezi Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ukaachana na uchimbaji wa kadi, na mitambo hiyo ikaanza kuuzwa vipande vipande duniani kote. Nyingine bado ni nzima. Nyingine feni zake zimechoka na grisi ya kupitisha joto imekauka kama udongo. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha.

Chukua mfano wa Radeon RX 580, kadi ya 2017 ambayo bado inauzwa kwa wingi kwa wenye bajeti ndogo. RX 580 halisi ina vichakataji vidogo 2304 ndani yake. Ipo nyingine inayoitwa RX 580 2048SP, na namba hiyo inakwambia yote: ina 2048, yaani kwa nguvu ni RX 570. Si haramu kuinunua. Makosa ni kuilipia bei ya ile kubwa.

Mbaya zaidi ni kadi za kughushi. Mtu anachukua kadi kongwe, kwa mfano GTS 450 ya mwaka 2010, anaandika upya programu iliyo ndani yake, na ukiichomeka Windows inakusomea GTX 1050 Ti. Dawa yake ipo na ni bure. Kuna programu ndogo inaitwa GPU-Z. Yenyewe haiamini jina. Inaichungulia chipu, na ikikuta jina na chipu havilingani, inaweka neno FAKE wazi wazi mbele ya jina la kadi. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani. Tena tazama nyuma ya kadi kabla hata hujaiwasha: ukiona tundu la buluu la VGA kwenye kitu kinachoitwa 1050 Ti, simama hapo uulize vizuri.

Najua mazungumzo ya kaunta yanavyokwenda. Kijana anasema, "Kaka, naomba tuichomeke tuione ikifanya kazi." Muuzaji anajibu, "Mdogo wangu, hii ni mpya kabisa, wenzako wamechukua jana hawajarudi." Kijana anaona haya, anatoa hela. Mdogo wangu, usione haya. Muuzaji mwaminifu atakuchomekea, atakufungulia gemu dakika 15, atakuandikia risiti yenye namba ya kadi na muda wa garantii. Asiyetaka kukuonyesha bidhaa ikifanya kazi, mwage na uende duka la pili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kadi haifanyi kazi peke yake. Praseso ndiyo inayokokotoa mchezaji yuko wapi, mpira unaruka kwenda upande gani, adui amejificha nyuma ya ukuta upi, kisha inaiagiza kadi ichore. Praseso ikiwa nzito, kadi inakaa bure ikingoja maagizo, na fedha uliyoiweka kwenye kadi inalala. Kwa bajeti yetu, praseso yenye viini (core) sita inatosha. AMD Ryzen 5 5600 na Intel Core i5-12400F, zote za mwaka 2022, ni chaguo la uhakika, na zikiuzwa kwenye boksi lake huja na feni yake. Feni hiyo inatosha. Mfumo wa kupoza kwa maji ni gharama ambayo bajeti hii haihitaji.

Angalia hiyo herufi F mwishoni mwa i5-12400F. Maana yake praseso haina grafiki ya ndani. Bila kadi, skrini haitaonyesha kitu. Hata Ryzen 5 5600 iko hivyo hivyo. Anayepanga kununua praseso mwezi huu na kadi baada ya miezi mitatu ajue hilo mapema, asije akadhani ameuziwa kifaa kibovu.

Na sasa naomba unisikilize kwa makini kuhusu neno i7. Utaonyeshwa kompyuta ya ofisini iliyotumika, imesafishwa inang'aa, na utaambiwa, "Hii ni i7 hii." Uliza i7 ya mwaka gani. Core i7-2600 ni ya 2011, ina viini vinne, na inazidiwa mbali hata na Core i3-12100 ya 2022. Windows 11 haiikubali rasmi, na Windows 10 ilifikia mwisho wa matengenezo tarehe 14 Oktoba 2025. Isitoshe, nyingi za kompyuta hizo za ofisini zina kesi nyembamba isiyoingiza kadi ya kawaida, na pawa saplai yenye plagi za pekee isiyobadilishika kirahisi. Kwa kazi za ofisi ni mashine nzuri kwa bei yake. Kwa gemu, kila unachotaka kuongeza kinagonga ukuta.

Madabodi, bodi inayobeba vifaa vyote, nitaipita kwa haraka, maana kazi yake kubwa ni kukubaliana na wenzake. Ryzen 5 5600 inakaa kwenye soketi ya AM4, kwenye bodi kama B450 au B550. Ukichukua B450, hakikisha BIOS yake, yaani programu ya ndani ya bodi, imeshasasishwa kuitambua praseso hiyo. Mwombe fundi akuwashie uone. i5-12400F inakaa kwenye LGA1700, na bodi zake nyingine zinatumia RAM ya DDR4, nyingine DDR5. Hizo mbili haziingiliani, hata pengo la kwenye kijiti cha RAM limekatwa mahali tofauti. AM5, soketi mpya ya AMD tangu 2022, inatumia DDR5 pekee. Kianzio chake ni ghali zaidi, lakini inakuachia njia ya kubadilisha praseso miaka ijayo bila kutupa bodi. Anayeweza kuongeza kidogo aifikirie.

RAM, chukua gigabaiti 16, lakini zichukue kwa vijiti viwili vya 8. Praseso huongea na vijiti viwili kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kijiti kimoja cha 16 kinaifungia njia moja. Kwenye bodi yenye nafasi nne, kwa kawaida viweke nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye praseso. Halafu ingia kwenye BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, la sivyo RAM uliyoilipia kwa kasi ya 3200 itatembea kwa 2133 au 2400 maisha yake yote na hutajua. Nikuonye pia kuhusu bei. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda sana duniani kote, kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinanyakua chipu za kumbukumbu. Usitumie orodha ya bei ya mwaka juzi kupanga bajeti ya leo.

Hifadhi iwe SSD ya NVMe, gigabaiti 500 kwa kuanzia. Haitaongeza idadi ya picha kwa sekunde, lakini itaondoa kule kusubiri gemu ifunguke. Diski ngumu ya zamani uliyonayo iache ibebe filamu na picha za familia.

Msikilizaji, tumefika kwenye pawa saplai, na hapa nitakaa. Hiki ndicho kifaa ambacho watu hununua mwisho, kwa chenji iliyobaki. Na ndicho kinachoweza kufa na kuondoka na vingine vyote.

Ishike mkononi uigeuze ubavuni. Utaona lebo yenye jedwali. Usisome namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Soma mstari wa volti 12, kwa sababu huko ndiko kadi na praseso zinakolishwa. Tuseme boksi linasema wati 500, lakini kwenye mstari wa volti 12 imeandikwa ampea 18. Zidisha 12 kwa 18: ni wati 216. Hizo ndizo wati zako. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 au 550, mstari huo utakupa ampea 38, 40, au zaidi. Hesabu hii inachukua nusu dakika, mbele ya muuzaji, na inaokoa mashine nzima.

Sasa jumlisha mahitaji yako. RTX 4060, wati 115. Ryzen 5 5600 ikifanya kazi kwa nguvu zote, kama wati 76. Bodi, RAM, SSD na feni, weka 50. Unafika kama 240. Kwa nini basi nakwambia 500 au 550? Kwa sababu kadi huvuta umeme kwa mishtuko, ikipanda ghafla kwa kitambo kidogo sana. Kwa sababu pawa saplai inayofanya kazi nusu ya uwezo wake inapata joto dogo na inadumu. Na kwa sababu kadi utakayoinunua baadaye huenda ikataka zaidi. Tafuta nembo ya 80 Plus. Inakuhakikishia kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa ukutani unafika kwenye vifaa, usipotee kama joto. Peke yake haithibitishi kwamba kuna ulinzi wa shoti na wa volti kuzidi, kwa hiyo tafuta maneno hayo nayo. Isiyokuwa na nembo kabisa, iache dukani.

Jambo moja zaidi, kwa wanaonunua mashine zilizotoka Marekani. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, imeandikwa 115 na 230. Huko kwao umeme ni wa volti 120 hivi, kwetu ni 230 mpaka 240. Ikiwa swichi iko kwenye 115 na ukaichomeka kwetu, utasikia mlio mmoja na harufu ya kuungua. Itazame kabla hujagusa soketi.

Na umeme wenyewe unakatika, unarudi kwa kishindo, unashuka jioni watu wakiwasha pasi na majiko. UPS, betri ya akiba ya kompyuta, si anasa kwa mtu wa gemu wa Afrika Mashariki. Kazi yake si kukuchezesha saa nzima gizani. Ni kukupa dakika chache uhifadhi na uzime kwa adabu. Ukiinunua usisome VA, soma wati. UPS iliyoandikwa VA 650 mara nyingi inabeba wati kati ya 350 na 400 tu, na hapo weka kompyuta na skrini, usichomeke feni ya chumba. Kama UPS haimo kwenye bajeti ya mwezi huu, weka walau kile kifaa cha kukata umeme volti zikizidi au zikipungua, kama kile tunachowekea friji.

Limebaki joto. Kipozeo cha kompyuta hakiwezi kushusha joto chini ya lile la chumba chako. Kinaondoa joto la vifaa na kulitupa kwenye hewa iliyopo. Mchana wa Februari Dar es Salaam au Mombasa, hewa hiyo tayari ni ya moto. Kwa hiyo kesi yenye wavu mbele na feni mbili zinazoingiza hewa na moja inayotoa ina thamani kuliko kesi ya kioo iliyozibwa mbele yenye taa za rangi saba. Iwe na kichujio cha vumbi unachoweza kuchomoa ukakiosha. Iweke juu ya meza au kibao, isikae sakafuni penye vumbi. Wa pwani ana unyevu na chumvi ya hewa pia, basi asiiache wiki nyingi bila kuwashwa.

Ukishaiwasha, hakikisha mambo mawili. Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi, usichomekwe kwenye madabodi. Na kama skrini ni ya hezi 144, ingia kwenye mipangilio ya Windows uchague 144 mwenyewe, maana wapo wanaocheza mwaka mzima kwa 60 bila kujua.

Kupanga ni kuchagua. Katika bajeti hii utaacha taa, utaacha kesi ya kioo, utaacha kupoza kwa maji, utaacha jina la i7, na hutajuta. Usiache pawa saplai ya kweli, na usiache haki yako ya kujaribu kitu kabla ya kukilipia. Kwa wauzaji wetu nina ombi: wekeni kwenye kaunta meza moja yenye skrini na umeme, ambapo mteja atachomeka kadi na kuona mwenyewe. Mtauza zaidi, na kijana atakayetoka hapo ameridhika atawaleta wenzake. Na wewe kijana, leo hii chukua karatasi, andika mistari mitatu: skrini yangu ni ipi, kadi yangu ni ipi, wati zangu za volti 12 ni ngapi. Ukiijaza mistari hiyo mitatu kwa uhakika, uko tayari kwenda sokoni.